Maswali ya wasomaji: EF ya mama iko sawa, mbona bado kifua kinambana?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za moyo, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti tofauti, yaani mtu amepigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), karatasi inasema moyo uko sawa, lakini mwili wake unasema mengine kabisa. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kupiga eko kila siku kwa hivyo nimeamua kuzijibu pamoja, maana zinashikana.

SWALI: Habari yako daktari. Mama yangu ako na miaka 58, ana presha na sukari, tunakaa floo ya 4 na hiyo ploti haina lifti. Tangu mwaka uanze akifika floo ya 2 anasimama anashika kifua, anasema kuna kitu kinamkaza mpaka kwa taya, akikaa dakika kama 5 inaisha anaendelea na shughuli zake. Tulimpeleka akapimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wakasema haina neno, akapigwa eko EF (asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma nje kila pigo) ikatoka asilimia 60, tukaambiwa moyo una nguvu hiyo ni gesi tu, tukapewa dawa ya tumbo. Ngazi bado zinamshinda. Kwani hiyo mashine haioni? – Msomaji, Umoja

JIBU: Kaka yangu pole sana, na asante kwa vile umeeleza, maana umenipa kila kitu: kifua kinabana akipanda, kinaenda mpaka taya, kinaachilia akipumzika, na ni mama wa miaka 58 mwenye presha na sukari. Hiyo si ya kutulizwa na dawa ya tumbo kabla moyo haujaangaliwa sawasawa. Nataka arudi kwa daktari wiki hii hii. Na kama itamshika akiwa amekaa tu, ama ikatae kuachilia akipumzika dakika chache, ama aanze kutoka jasho baridi na kukosa pumzi, hapo msingoje asubuhi, mpelekeni emajensi saa hiyo hiyo.

Sasa mashine. Mashine inaona, lakini inaona kile kilichoko mbele yake saa ile. Mama alipimwa akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto, ametulia, pengine moyo unapiga mara 70 kwa dakika. Hapo kitandani hakuna ngazi. Mshipa wa moyo ukiwa umebanwa na mafuta unaweza kupitisha damu inayomtosha mtu aliyelala na isimtoshe mtu anayepanda floo ya 2, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mshipa uliozibwa asilimia 70 na akipimwa ametulia kila ukuta wa moyo unacheza vizuri tu. Msuli wa moyo hauna akiba kama wa mguu. Hata ukiwa umepumzika tayari unanyonya karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyo kwenye damu inayoulisha, kwa hivyo kazi ikiongezeka njia iliyobaki ni damu yenyewe iongezeke, na mshipa ukikataa, ile sehemu inayolishwa na huo mshipa inalala njaa hata kama jirani zake wameshiba.

Hapo ndipo EF inapoficha mambo. EF ni hesabu ya chumba kizima: damu iliyokuwa ndani ya chumba cha kushoto cha chini kabla ya pigo, asilimia ngapi imetoka. Kipande kimoja cha ukuta kikilegea, vipande vingine vinaongeza bidii kukifidia, jumla inabaki pale pale kwa 58 ama 60, na karatasi inaandikwa kila kitu kiko sawa. Mimi nikisoma ripoti ambayo imetaja EF peke yake bila neno lolote kuhusu kuta moja moja, naona kama kazi haijaisha.

Kuna pia mpangilio wa mambo. Damu ikipungua, kitu cha kwanza ni damu yenyewe kukosekana, hasa tabaka la ndani la ukuta ambalo ndilo linalobanwa zaidi, halafu kemia ya msuli inaharibika, halafu ukuta unashindwa kulegea vizuri baada ya pigo, halafu unashindwa kujikaza, ECG inabadilika baada ya hapo, na maumivu kwa kawaida yanafika mwisho kabisa. Kwa wenye sukari maumivu saa zingine hayafiki kamwe. Kwa hivyo ECG ya mtu aliyetulia kutoka safi haimwondolei mama yako chochote. Kile anachohitaji ni moyo uangaliwe ukiwa kazini, kuta zake zikitazamwa kipande kwa kipande, yaani eko ya stres, ama daktari akiona afadhali, CT ya mishipa ya moyo. Muulizeni hivyo hivyo: moyo wake umeangaliwa akiwa amechoka, ama akiwa amelala tu?

SWALI: Daktari mzee wangu alipimwa eko wakaandika ukuta wa mbele karibu na ncha ni haipokinetiki na chini yake WMSI 1.31. Tukaenda pahali pengine kuhakikisha, yule wa pili akasema haoni shida yoyote. Sasa nani anatudanganya? Ama hii kitu huwa mnakisia na macho? – Mama wa watatu, Donholm

JIBU: Mama, inawezekana hakuna anayewadanganya. Enyewe sehemu kubwa ni macho, macho yaliyofunzwa, na wapimaji wawili wanaweza kutofautiana hasa kwa kitu kidogo kama hicho cha mzee. Wacha nikueleze vile tunafanya ili ukirudi uulize ukijua.

Ukuta wa chumba cha kushoto tunaugawanya vipande, 16 ama 17 kulingana na ramani inayotumika (ile ya 17 ilitolewa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka wa 2002, na kipande cha 17 ni ile ncha yenyewe ya moyo). Kila kipande kinapewa alama: 1 kikijikaza vizuri, 2 kikijikaza kwa unyonge, na hiyo ndiyo haipokinetiki, 3 kikikaa tu bila kufanya kitu, 4 kikifura kwenda nje wakati wenzake wanaingia ndani. Unajumlisha alama zote unagawanya kwa idadi ya vipande ulivyoviona. Tuseme 12 ni vizima, 3 ni vinyonge, kimoja kimekaa tu: 12 na 6 na 3 ni 21, gawanya kwa 16 unapata hiyo WMSI 1.31 yenu. Moyo ambao kuta zake zote zinafanya kazi unapata 1 kamili. Kwa hivyo kwa mzee kuna vipande vichache, si moyo mzima, na vile viko mbele karibu na ncha vinaelekeza kwa mshipa mmoja, ule mkubwa unaoshuka mbele ya moyo.

Sasa mbona wa pili hakuona? Hapa ndipo kazi ni ngumu. Mpimaji anayeanza huangalia kama ukuta unasonga, na kusonga hakutoshi. Kipande kilichokosa damu kinaweza kuvutwa na jirani zake kikaonekana kinaenda, vile mtu aliyebanwa kwenye umati wa stejini jioni anasukumwa hadi mlangoni mwa matatu bila yeye kupiga hatua. Kile unatakiwa kuangalia ni kunenepa. Msuli ukijikaza kweli ukuta unanenepa. Nikisimamisha picha mwanzo wa pigo nikapima ukuta milimita 9, halafu nikaisogeza mbele pole pole mpaka pale valvu ya aota (mlango ambao damu inatokea moyoni) inafungwa nikapata milimita 13, umenenepa asilimia 44, huo ni mzima kabisa. Ukitoka 9 ukafika 10 tu, hiyo ni asilimia 11, huo ni mgonjwa hata kama kwa skrini unaruka ruka. Milimita 3 ndizo tunazogombania hapo, kwa mtu anayepumua, mwenye mbavu na mapafu yanayoziba picha. Probu (kile kifaa tunachoshikilia kifuani) ikiinama kidogo tu inakata ukuta upande na kuuonyesha mnene kuliko ulivyo, na ile ncha ya moyo ndiyo inapotea kwanza.

Mashine za kisasa zina kitu kinaitwa streni, inafuata vinukta vya picha ya msuli kutoka fremu moja hadi nyingine na kuhesabu kipande kimefupika asilimia ngapi. Kwa chumba kizima moyo mzima unatoa kama −20, hiyo alama ya kutoa ni kwa sababu msuli unafupika. Inasaidia sana, na mimi naipenda, lakini kwa kipande kimoja kimoja namba inayumba, na mashine ya kampuni moja haitoi namba sawa na ya nyingine, kwa hivyo usichukue streni ya pale na streni ya huku ukazilinganisha kama bei za soko.

Ushauri wangu: ombeni picha zenyewe za pahali pote pawili, si karatasi tu, mpeleke kwa daktari mmoja wa moyo azitazame pamoja. Na umwambie kama mzee ana maumivu ama anachoka haraka, maana bila hiyo hadithi picha inasomwa nusu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fiziolojia, naishi Ngara. Mwalimu alituchorea grafu ya kipande cha moyo ambacho mshipa wake umefungwa, akasema angalieni kinafupika baada ya valvu kufungwa, mimi nikabaki nashangaa kwanza wanapima aje kitu kidogo hivyo kwa moyo unaoruka, na pili si kufupika ndio kazi ya msuli sasa shida iko wapi? – Mwanafunzi, Ngara

JIBU: Swali lako limenifurahisha sana ndugu yangu, na jibu lake ndilo limebeba kila kitu tunafanya hospitali.

Mwaka wa 1935 kule Cleveland, Marekani, Robert Tennant na Carl Wiggers walifunga mshipa wa moyo wa mbwa na kurekodi vile msuli unafupika pale tu ambapo damu imekatwa. Walichoona ni kwamba ndani ya muda mfupi sana, kama dakika moja, kile kipande kiliacha kujikaza na kikaanza kufura nje kila moyo ukipiga. Sehemu zingine zikaendelea na kazi. Hapo ndipo ikajulikana wazi kwamba moyo unaweza kushindwa kwa kipande, si lazima kwa jumla.

Ile grafu yako pengine imetoka kwa njia iliyokuja baadaye na ikashika sana miaka ya 1970, ya fuwele. Ni vifuwele viwili vidogo vya milimita 1 hadi 2 vinavyozikwa ndani ya msuli, kimoja kinatoa sauti ya juu ambayo sikio halisikii, kingine kinaipokea. Sauti inasafiri ndani ya msuli kama mita 1,580 kwa sekunde, kwa hivyo fuwele zikiwa zimeachana milimita 10 sauti inachukua kama maikrosekunde 6 kufika. Unapima muda unapata umbali, mara mamia kwa sekunde, moyo uruke vile unataka. Kipande kikianza na milimita 10 kikaisha na 8, kimefupika asilimia 20. Ukikaza uzi kuzunguka mshipa unaona namba inateremka pigo baada ya pigo, 20, 12, 5, halafu inapita sufuri, kipande kinatoka 10 kinaenda 10.4, kinarefuka wakati kingefupika. Nikiiangalia hiyo kwa skrini ya maabara mpaka leo huwa nanyamaza.

Sasa shida ya kufupika baada ya valvu kufungwa. Kazi ya msuli ni kusukuma damu nje, na damu inatoka valvu ya aota ikiwa wazi. Ikishafungwa mlango ni huo umeisha. Kipande chenye njaa kilinyooshwa na presha wakati wenzake wanasukuma, presha ikianza kushuka ndipo kinapata nafasi ya kurudi na kufupika, lakini hakuna damu inayotoka kwa huo ufupi, ni jasho la bure. Ndiyo maana saa ni kila kitu. Ukipima kuanzia mwanzo wa QRS (ile alama ya ECG pigo linapoanza) mpaka valvu ifungwe unapata ukweli, ukipima mpaka pale kipande ni kifupi kabisa bila kujali valvu, utaandika kipande kigonjwa ni kizima. Ukichora urefu upande mmoja na presha upande mwingine unapata kitanzi, eneo lake ndio kazi ya kile kipande, na damu ikipungua hicho kitanzi kinainama, kinajikunja, kinapungua mpaka kinakaribia kuwa si kitu.

Chunga jambo lingine ambalo wanafunzi husahau: ufupi hautegemei damu ya msuli peke yake, unategemea pia mzigo. Presha ya mwili ikishuka kipande kinafupika zaidi bila kupona, presha ikipanda ufupi unapungua bila kipande kuugua. Kwa hivyo mtu akikuonyesha asilimia ya kufupika bila kukuonyesha presha ilikuwa ngapi na moyo ulikuwa unapiga mara ngapi, muulize.

SWALI: Baba ana miaka 70 na magoti yake hayawezi tredmili. Wanataka kumfanyia eko ya dobutamini, nimesikia ni dawa ya kukimbiza moyo makusudi. Si hiyo ni kumtafutia mshtuko wa moyo? – Binti, Kasarani

JIBU: Dada, woga wako una maana na usikubali mtu akupuuze. Dawa inaingia kwa mshipa wa mkono kidogo kidogo, inaanza na maikrogramu 5 kwa kila kilo kwa dakika, inapandishwa kila dakika 3 hivi mpaka 40 ikihitajika, na moyo unalengwa ufike asilimia 85 ya 220 ukiondoa miaka yake, kwa baba ni kama 128 kwa dakika. Kila hatua tunachukua picha za kuta zile zile na kuziweka pamoja kwa skrini, pigo likiwa moja. Ukuta mpya ukianza kulegea tunasimamisha, hatungoji alie. Ikizimwa, nusu ya dawa inaisha kwenye damu kwa kama dakika 2.

Si mchezo hata hivyo. Wengi wanasikia moyo ukidunda na mwili kutetemeka, wachache mapigo yanaharibika, na mara chache sana inakuwa hatari kweli, kwa hivyo isifanywe bila daktari chumbani na mashine ya kushtua moyo pale pale. Waambie mapema kama aliwahi kuambiwa valvu yake ya aota imebana, kama presha yake iko juu sana, ama kama alipata mshtuko wa moyo siku hizi za karibuni. Na kama anameza dawa za kupunguza mapigo kama atenololi au bisoprololi uliza kama aache kabla ya kipimo, kwa sababu zinazuia moyo kufika pale tunataka, lakini asiziache mwenyewe nyumbani.

Faida yake ndiyo hii. Kuna ukuta unaokuwa mnyonge akiwa ametulia, ukipewa dawa kidogo unachangamka, ukiongezewa unalegea tena. Huo unatuambia msuli bado uko hai na mshipa wake umebana, na hiyo inabadilisha kabisa vile daktari atapanga matibabu.

SWALI: Mume wangu alipata mshtuko wa moyo akawekwa stenti (kile kijibomba cha kufungua mshipa) usiku ule ule. Kabla ya kutoka hospitali wakampima eko EF ikawa 40 na ukuta wa mbele umekaa tu. Tumeuza shamba kwa hii stenti. Kama damu imerudi mbona ukuta haujarudi? – Mke, Rongai

JIBU: Mama pole kwa hayo yote, na shamba pia. Damu kurudi na msuli kuamka haviendi pamoja. Mwaka wa 1975 Guy Heyndrickx na wenzake walionyesha kwa mbwa kwamba mshipa ukifungwa dakika chache tu kisha ukafunguliwa, msuli haujafa lakini unakaa masaa mengi ukiwa mlegevu, na mwaka wa 1982 Braunwald na Kloner wakaelezea vizuri hali hiyo ya msuli uliopigwa na bumbuwazi. Kwa binadamu baada ya mshtuko wa moyo inachukua siku, ama wiki kadhaa. Kwa hivyo eko ya kabla ya kutoka hospitali inakuonyesha ukuta siku zake mbaya zaidi.

Sehemu nyingine inaweza kuwa imekufa kweli na kuwa kovu, na kwa eko ya mapema ni vigumu kutenganisha. Baadaye inajitokeza: ukuta uliokuwa mnene ukikonda chini ya milimita 6 na kung'aa, hapo kovu ni kubwa, na kama bado kuna shaka MRI yenye dawa ya gadolini inaonyesha kovu limefika wapi ndani ya ukuta. Wengi hurudia eko baada ya wiki 6 hadi miezi 3, muulize daktari wake ampangie lini. Hadi siku hiyo asiruke hata siku moja zile dawa za kuzuia damu kuganda kwa stenti, hata akijisikia mzima kabisa. Siku ya kurudia bebeni CD ya ile eko ya kwanza na mumpe anayepima kabla hajaanza, aziweke picha za zamani na mpya kando kando, maana 40 ikiwa 45 kwa karatasi inaonekana si kitu, lakini ukuta wa mbele uliokuwa umekaa ukianza kunenepa tena ataona mwenyewe.